Plastiki siyo kitu kimoja: kwanini kiti kinavunjika juani, tenki linadumu na chupa inanywea ukimimina chai

Geuza dumu lolote la maji hapo nyumbani uangalie kitakoni, kuna kapembetatu ka mishale mitatu na namba katikati. Watu wengi wanaamini hako kapembetatu kanamaanisha hiki chombo kinarejelewa, na hapana, sio hivo. Hizo namba zilianzishwa 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani ili wanaochambua taka wajue hii ni plastiki ya aina gani, basi. Hazisemi kama kuna kiwanda karibu nawe kinainunua, hazisemi kama ni salama kuwekea uji wa moto, ni jina tu. Ila hilo jina lina kazi kubwa kuliko watu wanavodhani, maana ukishalijua unajua kitu kitalainika kwa joto gani, kitaelea au kitazama, gundi itashika au utapoteza hela yako, na kikichomwa kitatoa moshi wa namna gani.

Shida yetu ni kwamba vyote tunaviita plastiki. Dumu plastiki, bomba plastiki, kiti plastiki, swichi ya taa plastiki, sahani ya melamini plastiki, na hapo bado hujataja godoro la sponji na shati la polyesta ambavyo navyo ni plastiki mtupu. Afu mtu anakuuliza "eti plastiki ina madhara?" na hapo hakuna jibu mpaka useme ipi.

Tuanzie zinakotoka. Karibu zote zinaanzia kwenye mafuta ghafi au gesi asilia. Kwenye mafuta kuna sehemu nyepesi inaitwa nafta, hiyo au gesi ya ethani inapitishwa pamoja na mvuke kwenye tanuru lenye joto la nyuzi 800 hivi, kwa muda mfupi sana usiofika hata sekunde moja, na humo molikuli zinakatika katika vipande vidogo. Vipande vinavyotafutwa zaidi ni ethilini na propilini. Ethilini ni gesi tu, kaboni mbili na haidrojeni nne, ukiishika huioni. Ukiunganisha ethilini maelfu kwa maelfu mfululizo unapata mnyororo mrefu mno, na huo mnyororo ndo polithini. Ukiunganisha propilini unapata polipropilini. Minyororo ya namna hiyo kwa ujumla inaitwa polima, na plastiki ni polima iliyoongezwa vitu vingine vya kuipa rangi, ulaini, uimara juani, au saa nyingine chokaa ya kuongeza uzito ili mwenye kiwanda apunguze gharama (viti vya bei chee, nawatazama nyie).

Viwanda vyetu vya Dar, Mombasa, Nairobi na kwingine huku Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa havitengenezi polima yenyewe. Vinaagiza punje, vidogo kama dengu, kwenye mifuko ya kilo 25, nyingi zikitoka nchi za Ghuba na Asia. Kazi inayofanyika hapa ni kuziyeyusha na kuzipa umbo. Ndo maana bei ya mafuta duniani ikipanda, au dola ikipanda, ndoo sokoni nayo inapanda hata kama kiwanda kipo mtaa wa pili.

Sasa ili uelewe mengine yote yanayofuata, chukua picha ya bakuli la tambi zilizopikwa. Kila uzi wa tambi ni mnyororo mmoja wa polima, zimejisokota lakini hakuna uzi uliofungwa kwenye mwenzake, kwahiyo ukizipasha moto zinateleza, ukizipoza zinatulia, ukizipasha tena zinateleza tena. Hilo ndo kundi la kwanza, plastiki zinazoyeyuka, na zote zenye namba 1 mpaka 6 zipo humo. Kundi la pili ni zile ambazo wakati wa kutengenezwa nyuzi zinafungwa mafundo, uzi kwa uzi, chombo kizima kinakuwa kitu kimoja kilichoshikana pande zote. Hiyo hata uipashe vipi haiteleziki tena, mwisho wa siku inaungua tu.

Kundi la pili watu hawaliongelei sana lakini ndo lililoanza kuipa plastiki heshima. Mwaka 1907 Leo Baekeland, Mbelgiji aliyehamia Marekani, alichanganya fenoli na fomaldehidi akazibana kwa joto na presha akapata bakelaiti. Ilikuwa haipitishi umeme na haiyeyuki, na hicho ndo kitu ambacho dunia iliyokuwa inaanza kuweka umeme majumbani ilikuwa inakitaka. Mpaka leo mkono mweusi wa sufuria, soketi nyingi na swichi ni za ukoo huohuo. Sahani za melamini ndo humohumo, zile ngumu zenye maua ambazo kila shughuli zipo, zinagongana kama za udongo na hazivunjiki hovyo. Usiziweke kwenye maikrowevu tu, melamini inapata joto na kuanza kuachia kemikali kwenye chakula, sana sana chakula chenye tindikali kama mchuzi wa nyanya. Na godoro la sponji ni polyurethani, vimiminika viwili vinachanganywa, vinatoa gesi na kuvimba vyenyewe ndani ya dakika chache na papo hapo mafundo yanajifunga. Kwa vile haliyeyuki, mabaki ya sponji hayarudi kuwa sponji mpya, yanasagwa na kugandishwa kwa gundi na ndo yale magodoro magumu yenye vipande vya rangi rangi ndani.

Hapa niweke pembeni kitu kimoja kinachohusu pwani yetu. Kabla ya bakelaiti kulikuwa na seluloidi, na chanzo chake kilikuwa pembe za ndovu. Miaka ya 1860 mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe, pembe zikawa ghali, na kampuni moja ya New York ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. Fundi mmoja anaitwa John Wesley Hyatt akaingia kazini na mwishoni mwa muongo huo akawa na seluloidi, pamba iliyotiwa tindikali ya naitriki ikachanganywa na kafuri. Wakati huohuo Zanzibar ndo lilikuwa soko kubwa la pembe za Afrika Mashariki, na wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wanazibeba mpaka Connecticut kwenda kutengeneza vitana na vibao vya piano. Yani moja ya plastiki za mwanzo kabisa ilitafutwa ili kukimbia bei ya bidhaa iliyokuwa inatoka bandari yetu. Seluloidi ilikuwa inashika moto vibaya sana ikaja kuachwa kwenye mambo mengi, ingawa mipira ya tenisi ya meza iliendelea kutengenezwa nayo mpaka ilipoanza kuondolewa mashindanoni 2014.

Haya, turudi kwenye dumu.

Polithini ilipatikana kwa bahati. Tarehe 27 Machi 1933 huko Winnington, Uingereza, wanakemia wawili wa kampuni ya ICI, Reginald Gibson na Eric Fawcett, walikuwa wanajaribu kitu kingine kabisa kwa kubana ethilini kwenye presha kubwa mno, karibu mara elfu mbili ya presha ya hewa, wakakuta ndani ya chombo kumebaki kitu cheupe kama nta. Walipojaribu kurudia mambo hayakwenda vizuri, mpaka 1935 ndo wenzao wakapata namna ya kukitengeneza kwa uhakika. Vita vya pili vilipokuja polithini ikawa ya thamani kwa kufunika nyaya za rada, sio kubebea nyanya.

Ile njia ya presha kubwa inatoa minyororo yenye matawi mengi. Minyororo yenye matawi haipangiki karibu karibu, kwahiyo plastiki yake ni laini, nyepesi, inapitisha mwanga na inalainika mapema, nyuzi 110 tu hivi inayeyuka. Hiyo ndo namba 4, LDPE, ya mifuko laini na karatasi za kufunikia. Mwaka 1953 Mjerumani Karl Ziegler akagundua kwamba ukiweka kichocheo fulani ethilini inaungana bila presha kubwa, na minyororo inatoka imenyooka bila matawi. Iliyonyooka inapangana, inabanana, unapata plastiki ngumu zaidi, isiyopitisha mwanga vizuri, inayoyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Hiyo ni namba 2, HDPE: madumu, ndoo, kreti za soda, mabomba meusi ya maji yanayokunjwa kwenye roli. Huu ndo ufundi wenyewe wa plastiki: kaboni na haidrojeni zilezile, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, kilichobadilika ni mpangilio tu, na moja inakuwa mfuko unaochanika kwa kidole, nyingine inakuwa dumu unalolibeba kichwani na lita 20.

Dumu linatengenezwa hivi. Punje zinaingia kwenye mashine yenye skrubu kubwa inayozunguka ndani ya silinda ya moto, zinayeyuka, zinasukumwa mbele zikitoka kama bomba laini linaloning'inia chini. Moldi mbili zinakuja kulifunga kwa pande mbili, zinalibana chini, hewa inapulizwa ndani na lile bomba linavimba mpaka linagusa kuta za moldi na kuganda. Ule mstari ulio kitakoni mwa kila dumu ndo pale moldi ilipobana. Dumu la ovyo linaanzia kuvuja hapohapo, kwahiyo ukinunua pitisha kidole kwenye huo mstari, kama ni mwembamba au una mfereji usinunue.

Mifuko na yenyewe inapulizwa lakini kwa namna nyingine, plastiki inatokea kwenye tundu la duara kuelekea juu, inapulizwa hewa katikati mpaka inakuwa puto refu la mita kadhaa kwenda dari, linapoa likipanda, juu linabanwa na rola kuwa bapa afu linakatwa na kuchomwa kitako. Na yale matenki makubwa ya maji, haya yanayoitwa simtank hata kama la kampuni nyingine, hayapulizwi kabisa. Unaweka unga wa polithini kwenye moldi kubwa tupu, moldi inaingizwa kwenye tanuru huku inazungushwa taratibu pande mbili kwa wakati mmoja, unga unayeyuka na kujipaka ukutani kote sawasawa, afu inatolewa ipoe ikiwa bado inazunguka. Hamna presha, hamna mshono, kwahiyo hamna sehemu iliyobanwa ya kuja kupasuka.

Mbona mengi ni meusi? Kwa sababu ya jua. Mionzi ya jua ina nguvu ya kukata minyororo, ukikata tambi ndefu kuwa fupi fupi hazishikani tena, plastiki inakuwa kavu na inaanza nyufa. Unga mweusi wa kaboni, asilimia mbili tatu tu, unameza ile mionzi kabla haijaingia ndani. Na pia mwanga ukizuiwa mwani haukui kwenye maji.

Kitu kingine kuhusu polithini ambacho naona watu wanapuuza sana. Yenyewe ina asili ya mafuta mafuta, kwahiyo vitu vya mafuta vinapenya kati ya minyororo yake. Dumu lililokaa na mafuta ya taa, petroli au dawa ya kuulia wadudu ukilisafisha kwa sabuni unasafisha uso tu, kilichoingia ukutani kipo humo na kitatoka kidogo kidogo kwenye maji utakayoweka baadae. Harufu inayorudi siku mbili baada ya kuosha sio uchafu uliobaki, ni kile kilichojificha ndani ya plastiki. Dumu la dawa ya shambani halirudi kuwa la maji, hata uliloweke na majivu wiki nzima.

Namba 5, polipropilini au PP, ni ndugu wa karibu, alikuja 1954 kwa mkono wa Mwitaliano Giulio Natta, na yeye na Ziegler wakapewa tuzo ya Nobel ya kemia 1963. Inayeyuka kwenye nyuzi 160 na zaidi kidogo, kwahiyo inavumilia maji yanayochemka bila kulegea, ndo maana vyombo vya chakula vya kuweka kwenye maikrowevu vingi ni 5. Inakunjika mara elfu bila kukatika, angalia kile kifuniko cha chupa ya sosi kinachofunguka na kufunga kwa bawaba ya plastiki hiyohiyo. Nyuzi zake ndo mikeka ya plastiki, kamba, na viroba vya kuwekea mchele na unga, ambapo karatasi ya plastiki inakatwa vipande vyembamba, vinavutwa mpaka vinarefuka mara kadhaa, minyororo inajipanga upande mmoja na uzi unakuwa na nguvu ya ajabu, afu vinafumwa.

Na viti. Kile kiti cha plastiki cha kila baa, kila msiba na kila kipaimara ni PP, na babu yake anayejulikana zaidi ni wa Mfaransa Henry Massonnet wa mwaka 1972. Plastiki ya moto wa zaidi ya nyuzi 200 inadungwa kwa presha kubwa kwenye moldi ya chuma, inajaza kila kona, inapoa, moldi inafunguka kiti kinatoka kizima ndani ya kama dakika moja au mbili. Geuza kiti utaona kidoti chini ya kalio, hapo ndo plastiki ilipoingilia. Moldi yenyewe ni ghali kupita maelezo ila ukishakuwa nayo kila kiti ni senti tu. Sasa PP ina udhaifu mmoja, jua linaikata haraka kuliko polithini, na kiti cheupe hakina ule unga mweusi. Wakiweka dawa ya kuzuia jua kiti kinadumu miaka, wasipoweka, au wakijaza chokaa nyingi, kinaanza kupauka, ukisugua kinatoa vumbi jeupe kiganjani, na siku moja mjomba mwenye mwili wake anakaa na miguu ya nyuma inafunguka kila mmoja na upande wake. Kiti kinachotoa vumbi kimeshakufa, kitoe juani au kitoe kwenye matumizi.

Mafundi wanajua jambo lingine: polithini na PP hazishiki gundi. Supaglu inaganda vizuri tu afu inabanduka kama gamba. Uso wake hauna kitu cha gundi kukamata. Kwahiyo ndoo iliyopasuka inazibwa kwa kisu cha moto na kipande cha ndoo nyingine ya aina ileile, ya aina ileile narudia, maana PP haishikani na HDPE hata uziyeyushe pamoja, zikipoa zinaachana. Ndo sababu hiyohiyo bomba za kijani za PPR, ambayo ni aina ya PP, zinaungwa na ile pasi ya fundi yenye nyuzi 260 hivi na sio gundi. Bomba za PVC ndo zinapakwa gundi, na ile nayo siyo gundi ya kubandika, ni kiyeyushi, inalainisha pande zote mbili zinaingiliana na kikishakauka pale hapana mshono tena, ni plastiki moja. Fundi anayekwambia atapaka gundi ya PVC kwenye bomba jeusi la polithini, mlipe nauli aende.

Tukiwa kwenye PVC, namba 3, hii ndo ya kuogopa kidogo. Zaidi ya nusu ya uzito wake, asilimia 57, ni klorini inayotokana na chumvi, kwahiyo inatumia mafuta kidogo kuliko wenzake na haishiki moto kirahisi, ukiondoa kiberiti inazima yenyewe. Peke yake ni ngumu: mabomba, fremu za madirisha, dari za PVC zilizojaa kila nyumba mpya siku hizi. Mwaka 1926 Mmarekani Waldo Semon aligundua namna ya kuilainisha kwa kuichanganya na mafuta fulani, ikawa nyaya za umeme, mazulia ya plastiki, makoti ya mvua, buti. Ila yale mafuta hayajafungwa popote, yanatoka taratibu, ndo ile harufu ya zulia jipya na ndo maana zulia la zamani linakakamaa na kukatika pembeni. Baadhi ya hayo mafuta, yale yanayoitwa fthaleti, yamezuiwa kwenye midoli ya watoto Ulaya na Marekani. Ikichomwa PVC inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ni tindikali, na ikiwa kwenye moto wa taka usio na joto la kutosha inatoa dioksini, sumu inayohusishwa na saratani. Vijana wanaochoma nyaya wapate shaba wanavuta hicho.

Na hapo naomba tumalize ule ujumbe unaozunguka kila mwaka kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba chupa ya maji ikikaa kwenye gari juani inatoa dioksini na unapata saratani. Chupa ya maji ni PET, namba 1. Dioksini inahitaji klorini na PET haina klorini. Wengine wanataja BPA, kemikali ya kutengenezea plastiki nyingine inayoitwa polikaboneti, nayo haimo kwenye PET. Kilichopo kweli ni antimoni kidogo, kichocheo kinachotumika kuitengeneza, na inaongezeka kwenye maji chupa ikikaa kwenye joto muda mrefu, kwahiyo kuhifadhi katoni za maji wiki kadhaa kwenye stoo ya bati sio jambo zuri, ila chupa iliyosahaulika garini mchana mmoja haijakuua.

PET ilianza kama uzi, John Whinfield na James Dickson huko Manchester 1941, na mpaka leo polyesta ya shati na chupa ya soda ni kitu kimoja. Nathaniel Wyeth wa DuPont ndo alipata hataza ya chupa 1973. Kiwanda cha maji kinaanza na kitu kifupi kinene kama dole gumba chenye nyuzi za kifuniko tayari, kinapashwa mpaka nyuzi 100 hivi, fimbo inakivuta kwenda chini huku hewa ya presha inakipanua pembeni. Kule kuvutwa pande mbili ndo kunaipa nguvu ya kubeba gesi ya soda na ukuta mwembamba vile. Lakini minyororo iliyovutwa inasubiri tu nafasi ya kurudi. PET inaanza kulegea kwenye nyuzi 70 na kitu, ukimimina chai ya moto minyororo inalegea na kujikunja, chupa inanywea mbele ya macho yako.

Namba 6, polistirini, sina mengi ya kusema: vikombe vya yoguti, vijiko vinavyokatikia kwenye pilau, na ile nyeupe nyepesi ya kufungia tivii ambayo karibu yote ni hewa. Inalainika kwenye nyuzi 100 hivi, mafuta ya moto yanaitoboa, msiwekee chipsi zilizotoka tu kwenye karai. Namba 7 ni kapu la zilizobaki, haitaji plastiki moja. Humo kuna nailoni ya kweli ya kamba na nyavu, ABS ya helmeti na makava ya tivii, na polikaboneti ya taa za gari na ya yale machupa ya lita 18.9 ya dispensa. Polikaboneti ndo yenye BPA, na Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuitumia kwenye chupa za kunyonyeshea watoto 2011. Ukiona 7 bila maelezo mengine, hujaambiwa kitu.

Sasa kwanini hizi zote hazirejelewi tu, si nyingi zinayeyuka? Utafiti mkubwa wa 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki duniani mpaka 2015 ni asilimia 9 tu zilirejelewa. Tatizo ni mchanganyiko. Tumeona PP na HDPE haziungani. PVC na PET ndo balaa zaidi, PET inahitaji nyuzi zaidi ya 250 kuyeyuka na kwa joto hilo PVC imeshaanza kuoza na kutoa tindikali, kipande kidogo tu kinaharibu mzigo mzima unakuwa wa njano na madoa meusi. Na zote mbili zinazama kwenye maji, kwahiyo huwezi kuzitenga kwa beseni. Vifuniko vya chupa ni rahisi, ni PP au HDPE, chupa ikisagwa na kumwagwa kwenye maji chenga za kifuniko zinaelea na za PET zinazama. Waokota chupa wetu wanayajua haya kwa mkono, wanabonyeza, wanasikia mlio, wanajua hii inaenda kwa nani, bila kusoma namba.

Lamu walionyesha kitu kizuri, jahazi la Flipflopi lililojengwa na fundi Ali Skanda na wenzake, likazinduliwa 2018 na mapema 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Mbao zake ni plastiki iliyorejelewa, na mwili umepambwa na ndala kama 30,000 zilizookotwa fukwe. Angalia lakini zile ndala: hazikuyeyushwa, zimekatwa vipande na kubandikwa, maana ndala nyingi ni mpira au povu lenye mafundo tayari, halina kurudi nyuma.

Mifuko laini ndo ilikuwa mbaya kuliko vyote, kilo moja ni mifuko mia kadhaa, michafu, haimlipi anayeiokota. Rwanda ikaipiga marufuku 2008, Kenya 28 Agosti 2017 na faini ya mpaka shilingi milioni 4, Tanzania Bara 1 Juni 2019. Ikaja ile mifuko mbadala inayoonekana kama kitambaa, watu wakaipokea kama kitu cha asili kabisa. Ni PP. Inayeyushwa, inapulizwa kuwa nyuzi nyembamba, zinamwagwa kwenye mkanda unaotembea na kubanwa na rola la moto, vile vidoti doti vilivyojaa kwenye mfuko ni alama za hilo rola. Nyuzi nyembamba kiasi hicho jua linazimaliza haraka kuliko kiti, na mfuko ulioachwa kwenye kamba ya nguo miezi kadhaa unasagika mkononi ukiushika. Una uzito zaidi na unarudiwa kutumika mara nyingi, na hiyo ndo faida yake dhidi ya ule wa zamani, lakini ukiwa mtaroni ni plastiki namba 5 kama kile kiti.